Msamaha Uliotangazwa Mapema

Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Neema na amani ziwe nawe. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu, ila Mama magoti yanamsumbua na mimi kikohozi kimekataa kuniacha. Simu zangu hupokei. Shemeji yako ndiye aliyenishauri nirudi kwenye karatasi. Anasema karatasi haikatwi katikati ya mazungumzo, na huenda ukaisoma hata kwa kuchungulia.

Nina habari njema. Wakubwa wa kanisa wameniteua niongoze ule usharika mkubwa wa katikati ya mji, na nitasimikwa Jumapili ya mwisho ya Agosti. Mama ameshaanza kuulizia gauni. Mimi nafurahi, lakini kusema kweli nimechoka. Nazika watu asubuhi, nikirudi nyumbani nakuta wengine wamekaa barazani na ndoa zao za kusuluhishwa, na chai yangu imepoa. Ila mchungaji atamwambia nani kwamba amechoka?

Sasa lipo ombi. Siku hiyo nitahubiri juu ya Mungu ambaye akishasamehe dhambi haikumbuki tena. Na nitatoa ule ushuhuda wetu, unaujua. Jinsi ulivyorudi nyumbani umelewa chakari, ukabandika mafuta jikoni, ukalala sakafuni. Jinsi Mama alivyoingia akakuta sufuria inawaka moto karibu na kichwa chako, akaibeba kwa mikono mitupu mpaka uani. Jinsi mikono iliyokuwa ikipiga kinanda cha kanisa isivyopiga tena hadi leo. Halafu jinsi alivyokusamehe, ukatubu mbele ya kanisa, ukaiacha chupa.

Kila mwaka ninaposimulia, Mama husimama kwenye kiti cha mbele, ananyoosha mikono yake juu watu waione, na kanisa zima linalia. Tangu ulipohama kilichopungua ni wewe tu. Nataka usimame kando yake. Watu waione mikono, na wamwone aliyesamehewa. Hutasema neno lolote, utasimama tu.

Shemeji yako anataka vipimo akushonee suti. Anasema hajui kama umekonda au umenenepa, na kitambaa ameshakinunua.

Kaka yako katika Bwana,
Mchungaji


Jumamosi, 15 Juni

Kaka, shikamoo.

Hongera kwa uteuzi, naisema kwa moyo mweupe. Kikohozi nenda ukakitazamishe, usikiombee tu. Na mimi ni ndugu yako wa tumbo moja, unaweza kuniandikia bila kujisaini Mchungaji.

Hapa nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine zipo, lakini mashuka hayajikunji yenyewe. Shuka la hospitali linakunjwa na watu wawili, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, mnasogeleana, mnaachana, mnasogeleana tena. Mwenzangu ni mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Pasi. Ananishinda kasi na ananishinda maneno. Yeye anapenda kusikiliza mahubiri kwenye simu wakati tunakunja, simu imewekwa juu ya rafu ya sabuni, sauti mpaka mwisho.

Mwezi uliopita akaweka mahubiri aliyotumiwa na dada yake. Kabla mhubiri hajamaliza salamu nilishaijua sauti. Ilikuwa yako. Nikasema moyoni, labda ni somo lingine. Halikuwa lingine. Ukasimulia chupa, ukasimulia sufuria, ukafika kwenye mikono, na nyuma yako nikasikia watu wanalia. Mama Pasi akajifuta macho kwa shuka la mgonjwa. Akasema, “Mtoto kama huyo mimi ningemfukuza, haki ya Mungu.” Halafu akaongeza, “Sijui yuko wapi siku hizi, maskini.” Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya shuka. Nikamsogelea, tukalikunja.

Kaka, nimechoka kusamehewa. Sijui nikuambieje zaidi ya hapo. Nililolifanya nililifanya, silikatai, na hakuna siku limenitoka. Nilitubu mara moja, mbele ya watu, na nilimaanisha kila neno. Tangu siku ile unanitubisha kila mwaka, niwepo nisiwepo. Wengine wakisamehewa wanaenda zao kulima, kuoa, kugombana na majirani. Mimi kazi yangu ni kuwa aliyesamehewa.

Sitakuja Agosti. Mwambie shemeji ahsante, kitambaa amshonee mwanaye.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Mdogo wako,
Dobi


Ijumaa, 28 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako imeniumiza, sitakuficha. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta nilipokosea na sipaoni. Mtu aliyekombolewa huwa hachoki kusikia habari za ukombozi wake. Akianza kuchoka, sisi tulio kwenye kazi hii tunajua ni dalili. Kwa hiyo nakuuliza kama kaka, na unijibu ukweli: umerudia chupa?

Sikusubiri jibu. Jumatano nimekutaja kwenye ibada ya maombi, na kina mama wamekufungia. Wengine wana kisukari lakini wamesema watafunga tu.

Naomba uelewe kitu kimoja. Kuna dereva mmoja wa lori aliingia kanisani kwetu akiwa ananuka pombe, akanisikia nikisimulia kisa chetu, akaja mbele analia. Leo ni mwaka wa ngapi sijui, na hajagusa hata tone. Mkewe amerudi. Watoto wake wanakuja kuimba. Nimwambie nini huyo? Nimwambie kisa kilichomwokoa nimekifunga kabatini kwa sababu mdogo wangu anaona haya mbele ya mama mmoja wa kupiga pasi?

Na usidhani kwamba nafurahia. Mahubiri mengine yote nimeyatoa vitabuni na kwa wenzangu. Hiki ndicho kisa pekee ambacho nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha Mama kwa kijiko miezi ile mikono imefungwa. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo, yeye ametazama ukutani kwa aibu, wewe ukiwa hujulikani uliko. Silalamiki. Nakukumbusha tu kwamba kisa hiki si chako peke yako.

Mama nimemsomea barua yako. Aliomba maji. Anazeeka, mdogo wangu. Jiulize utasimama wapi siku akiwa hayupo.

Bado siku zipo. Suti inaendelea.

Kaka yako,
Mchungaji


Julai. Tarehe siijui, kalenda iko sebuleni na magoti yamegoma

Kitindamimba wangu,

Usishangae mwandiko. Penseli naishika kwa dole gumba na hiki kidole cha pembeni, hivi vingine ni watazamaji. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Kaka yako anadhani nachagua nyimbo za siku yake kubwa. Mkwe wangu ndiye atakayeipeleka posta, na yeye si wa kuropoka.

Barua yako kaka yako alinisomea. Akaruka mahali. Najua aliruka kwa sababu alikohoa pale ambapo hapakuwa na kikohozi. Akaenda zake kazini, mkwe akaitoa kwenye koti, akanipa nikaisoma yote. Huyo Mama Pasi nimempenda. Kwamba angekufukuza, amesema kweli, hata mimi niliwaza hivyo.

Sasa kaa chini nikuambie.

Siku kaka yako alipotangaza kanisani kwamba nimekusamehe, nilikuwa sijakusamehe. Ndiyo kwanza nimetoka hospitali. Mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, inawasha, siwezi kuikuna. Kwenye kinanda amekaa yule mwalimu wa watoto, anakipiga kama anaua mende. Mimi nimekaa kiti cha mbele nimekasirika mpaka tumbo linauma. Mara nasikia kaka yako juu huko anasema, “Na mama huyu mnayemwona, amesamehe yote!” Watu wakapiga makofi. Mke wa mzee wa kanisa akanirukia kunikumbatia, akanibana vidonda. Nikalia kwa maumivu, wakadhani ni Roho.

Hebu niambie, baada ya hapo ningesema nini? Mtu ameshapigiwa makofi kwa kusamehe, hawezi kusimama Jumapili inayofuata aseme jamani, subirini kidogo, bado. Nikameza. Aliponiambia nisimame ninyooshe mikono, nikanyoosha. Mwaka uliofuata pia. Nilikuwa nakuona umekaa nyuma kule, umeinamisha kichwa, halafu siku moja nikatazama nyuma na hukuwepo tena.

Nilikukasirikia muda mrefu, mwanangu. Nasema wazi. Nilikukasirikia nikishindwa kufunga kifungo. Nilikukasirikia kila wimbo ulipoanza na vidole vikataka kwenda na haviendi. Nilikuwa nasali, nasema, Bwana, mimi nimesemewa, Wewe unajua sijasema.

Ikaja siku moja ya kawaida kabisa. Ulikuwa umeshahama. Nilikuwa nachagua mchele dirishani, nikajikuta nawaza kama umekula, na kama una blanketi la maana, maana kulikuwa na baridi. Nikawaza hayo weeee, halafu nikashtuka. Nikautafuta ule uchungu wangu kama mtu anavyotafuta miwani. Sikuuona. Nikarudia kutafuta kesho yake, bado haupo. Mungu nadhani anasamehe upesi, ndiyo maana ni Mungu. Mimi nilichelewa, lakini nilifika.

Nilitaka kukuambia. Lakini ulishaambiwa zamani, na makofi yalishapigwa. Ningekuambia nini ambacho hukukisikia? Basi nikanyamaza, na wewe ukabaki unatembea na msamaha wa kaka yako ukidhani ni wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vidole.

Kwa hiyo nakuambia leo, mimi mwenyewe, kwa penseli: nimekusamehe. Huu ni wangu, haukupitia mimbarini.

Hiyo Jumapili ya Agosti usije. Nina langu la kufanya siku hiyo na wewe usiniulize. Uje siku isiyo na sababu, mwezi wa kumi, kaka yako akiwa kwenye mkutano wao mkuu. Uje na njaa.

Mama yako


Jumapili, 4 Agosti

Mama, shikamoo.

Barua hii naipitisha kwa shemeji kazini kwake. Mwambie namshukuru.

Yako niliisoma nimekaa juu ya gunia la mashuka machafu, na nilipomaliza nikairudia tangu mwanzo. Mama Pasi akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia hapana, mama yangu alinikasirikia. Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, kwa sababu nilikuwa natabasamu.

Hujui nilivyopumua, Mama. Miaka yote nilikuwa nikijiuliza, huyu mama ameharibiwa mikono yake, na kabla bandeji hazijafunguliwa ameshasamehe, inawezekanaje? Nilianza kufikiri pengine hukuelewa nilichokufanyia. Au ulielewa, ukaniona mimi si wa kukasirikiwa hata kidogo, kama mtu asivyomkasirikia mlevi wa njiani. Kumbe ulikasirika mpaka tumbo likauma. Basi ulijua unachokisamehe. Huo naweza kuupokea, na nimeupokea. Nimelia kwa ajili yake kama mtoto mdogo.

Pombe sijarudia. Kaka aliniuliza, nikaona nisimjibu kwa hasira. Wewe nakujibu.

Kuja ndiko sijui. Nakuambia kinachonitisha na usinicheke. Mikono yako sijawahi kuiona ikiwa imetulia. Kila nilipoiona ilikuwa ama imefungwa bandeji, ama imenyooshwa juu na watu wanalia. Sijui nitaitazama vipi ikiwa juu ya meza tu, imeshika kikombe. Naogopa nitageuza uso, na wewe utaniona nimegeuza.

Nipe muda kidogo. Njaa ninayo.

Kitinda wako


Jumanne, 27 Agosti

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa na mzigo mzito, na mara hii sikuandikii kwa ajili ya suti wala kwa ajili ya ushuhuda. Mama anapoteza kumbukumbu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Wakubwa walikuwepo, wageni, kwaya mbili. Nilisimikwa, nikapanda mimbarini, nikaanza. Nilipofika kwenye kisa chetu nikasema kama siku zote, “Mama, tafadhali simama.” Akasimama, shemeji yako kamshika kiwiko. Nikasema, “Mama, waonyeshe.” Akaniangalia. Akasema, na shemasi alikuwa ameshamsogezea kipaza sauti, kwa hiyo kanisa zima likasikia, “Niwaonyeshe nini?”

Nikamwambia kwa upole, “Mikono, Mama. Waonyeshe ile mikono ya siku ya moto.”

Akasema, “Moto gani? Sikumbuki.”

Akakaa. Akaiweka mikono mapajani, akaifunika kwa leso.

Shemasi akabaki ameshika kipaza sauti. Mtoto mmoja akacheka huko nyuma. Mimi nilikuwa katikati ya sehemu ya pili ya mahubiri, nikarukia ya mwisho, na ya mwisho ilikuwa inategemea ya pili, kwa hiyo hata mimi sikuelewa nilichokuwa nasema. Wakubwa wakanipa pole wakati wa chakula. Wakasema ndivyo wazee wetu wanavyotuondokea, kidogo kidogo.

Jana nimempeleka kwa daktari. Kijana mdogo tu. Akamwuliza leo ni siku gani, akajibu. Akamwuliza majina ya wajukuu, akayataja, na tabia ya kila mmoja akaongeza. Akamwambia ahesabu kwa kurudi nyuma, akahesabu mpaka daktari mwenyewe akamwambia inatosha. Halafu akamwambia daktari kola yake imekaa vibaya, akairekebishe kabla wagonjwa wengine hawajaingia. Daktari anasema haoni tatizo. Mimi najua nilichokisikia. Nimesoma mahali kwamba ugonjwa huu unaweza kuanza kwa kuchagua, mtu akasahau jambo moja kubwa na madogo yakabaki.

Nimechoka, mdogo wangu. Tangu Jumapili usingizi wangu ni wa kuokoteza. Tugombane baadaye. Njoo umwone kabla hajakusahau na wewe.

Kaka yako,
Mchungaji


Jumamosi, 7 Septemba

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikacheka mpaka nikashika mashine nisianguke. Halafu nikalia. Mama Pasi siku hizi ameacha kuuliza, ananiletea maji tu.

Mama hajapoteza kitu. Anaikumbuka siku ile kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nimelala.

Kaka, ni wewe uliyetufundisha kwamba Mungu akishasamehe hakumbuki tena. Umelihubiri hilo tangu ukiwa mwanafunzi, sauti haijakomaa. Na ndilo ulilokuwa unalihubiri Jumapili ileile. Sasa mtu amelifanya mbele ya macho yako, kwenye kipaza sauti, na wewe ukamkimbiza kwa daktari.

Sikuandikii haya kukudhihaki. Nilicheka, ndiyo, lakini nilipofika pale alipofunika mikono kwa leso kicheko kikaisha. Ni mama yetu yule, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza kama anataka kuinyoosha. Mimi pia sikumwuliza, nilikuwa nimeinamisha kichwa changu mwenyewe.

Hili linalofuata nalisema bila ruhusa yake, na akinigombeza ni haki yake. Usimwulize tena habari za moto. Mwulize habari za ile Jumapili uliyowatangazia watu kwamba amesamehe. Mwulize alikuwa anawaza nini wakati wanapiga makofi. Kisha unyamaze, umsikilize mpaka mwisho. Usimalizie sentensi zake.

Pombe sijaigusa. Uliniuliza mwezi wa sita, nilikuwa nimekasirika. Waambie wale kina mama wenye kisukari wale chakula.

Mdogo wako


Ijumaa, 11 Oktoba

Mdogo wangu,

Nilimwuliza. Ilinichukua muda kupata ujasiri, nikamwuliza akiwa anamenya viazi. Aliniambia yote, polepole, bila hata kuinua sauti. Alipomaliza akaniambia nimpitishie sufuria. Nikampitishia. Siku mbili tatu baadaye nikasafiri kwenda mkutano mkuu. Niliwasikiliza wenzangu wakisoma taarifa zao, na sikumbuki hata moja.

Nimerudi jana. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini nilipoingia chumbani kwa Mama kumsalimia nikaona kitanda chake. Shuka limevutwa kama la hospitali, pembe zimekunjwa na kuchomekwa chini ya godoro, huwezi kuingiza hata kidole. Hapa nyumbani hakuna anayejua kutandika vile. Nikamwuliza, “Alikuja?”

“Alikuja.”

“Mlizungumza nini?”

“Tulikula. Akalala mchana wote, alikuwa amechoka mtoto. Alipoamka akanifulia, akanikata kucha.”

“Kucha za mikono?”

“Sasa za nini nyingine?”

Nikamwuliza kama ulimwomba msamaha. Mama akanitazama, na ninakuapia hakuwa anatania. Akaniuliza, “Wa nini?”

Nikaenda kukaa kwenye ngazi za uani nikalia, na kitambi changu hiki, mpaka shemeji yako akaja akafunga mlango ili watoto wasinione. Nilikuwa najua nalilia nini, na ndicho ninachotaka kukuandikia. Mimi ndiye ambaye sikuwahi kukusamehe. Kila kijiko nilichomlisha Mama miezi ile nilikuwa nakulaani kimoyomoyo. Kila kifungo nilichomfunga. Halafu Jumapili nikapanda juu nikatangaza msamaha wake, upesi, kwa sauti, kwa sababu niliona kwamba mama akishasamehe hakuna mtu atakayekumbuka kumwuliza kaka. Na hakuna aliyeniuliza. Nilipokuwa nakusimulia kila mwaka, nilisema namtukuza Mungu. Sasa naona nilikuwa nakuchapa, na kiboko nilikuwa nimempa Mama aninyanyulie.

Yule dereva wa lori ameokoka kwa msamaha ambao mimi sikuwa nao. Sijui Mungu anafanyaje kazi na watu kama sisi. Nimewaambia wazee wa kanisa kwamba kisa kile hakitasikika tena mdomoni mwangu. Mmoja amesema mahubiri yangu yatapwaya. Yatapwaya.

Nisamehe, mdogo wangu. Nami kwa upande wangu najaribu, lakini leo nikikuambia nimemaliza nitakuwa nimerudia kosa lilelile. Asubuhi naamka nimekusamehe, jioni nikimwona Mama anahangaika na kitasa cha mlango, hasira inarudi. Nataka kuja huko kwako, nikae nawe kidogo bila mimbari. Au nisubiri kwanza? Labda ni afadhali kila mtu atulize moyo wake, tukutane tukiwa tumeshakuwa sawa. Niambie wewe, mimi nitafuata.

Kaka yako


Jumatano, 23 Oktoba

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma, sikucheka mahali popote.

Nakujibu kama ulivyoniandikia. Mimi pia bado sijakusamehe. Nilijaribu wiki yote hii ili nikuandikie vizuri, nimeshindwa. Pale uliposema ulikuwa unanichapa, niliona afadhali umesema, halafu nikakasirika upya. Kwa hiyo usimwambie mtu yeyote kwamba tumepatana. Usimwambie Mama, usimwambie shemeji, wala wale wazee wako. Nikimaliza nitakuambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wewe ukimaliza uniambie. Kama ni Mungu, Yeye aanze tu, hatatungoja sisi.

Siku nzuri ni Jumanne, zamu yangu inaisha mchana. Chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja, tutalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni kwako, na miguu yako uioshe. Mama Pasi anataka kukuona, nimeshamwambia mimi ni nani na wewe ni nani. Amesema ana maneno na wewe. Jiandae.

Ila hilo la kusubiri mpaka tuwe sawa, hapana. Tukingoja hivyo tutazikana. Panda basi uje tukiwa bado tumekasirika.

Mdogo wako